Mayi ikipanda, nani anafunga mlango?

Vijana wenzetu wa Annexe, ba ndugu na ba dada wa Kasapa, Kamatete, Kalebuka, Luwowoshi, Kisanga, Kasungami na pembe zote za komini yetu,

Wiki hii, katika grupu yetu ya WhatsApp, mmoja wetu alituma video. Ndani yake munaona milango miwili mikubwa ya chuma. Kila mmoja una urefu wa karibu mita 210, na unashikwa na mkono wa chuma. Inasogea polepole juu ya maji, moja kutoka kushoto, moja kutoka kuume, mpaka inakutana katikati ya mto. Ni kule Uholanzi, karibu na Rotterdam. Kizuizi kile kinaitwa Maeslantkering, na kazi yake ni kuzuia maji ya bahari yanaposukumwa na dhoruba kuingia mjini. Chini ya video mwenzetu aliandika: « Bo banafunga bahari, shiye tunashindwa kufunga kanivo. »

Tulicheka sana. Kisha mabishano yakaanza, mpaka saa sita ya usiku. Mmoja alisema tuandikie serikali ituletee ukuta kama ule. Mwingine akajibu: ukuta wa nini? Lubumbashi haina bahari, tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Wa tatu, ambaye familia yake inakaa pembeni ya dembo, aliandika mstari mmoja tu: « Kwetu mayi iliingia mpaka mu chumba ya ba mutoto. Munacheka nini? »

Hakuna aliyejibu. Tamko hili ni jibu letu kwake, na ni jibu kwa wale wote wanaongoja mvula ya Novemba na roho juu.

Mlango ule ulitoka wapi

Tuanze na video yenyewe, maana wengi wanafikiri ba Mzungu walizaliwa na milango ya namna ile. Hapana. Walizikwa kwanza.

Usiku wa tarehe 31 Januari kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ilisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya matuta ya udongo yaliyokinga vijiji. Matuta yakapasuka. Uholanzi peke yake watu 1,836 walikufa. Uingereza walikufa zaidi ya 300. Ilikuwa usiku wa Jumamosi, watu wamelala. Onyo lilikuwa limetolewa, lakini redio ilifunga matangazo usiku kama kawaida, na wengi hawakusikia kitu. Kumbe hata mbele ya dhoruba ile, mhandisi wa serikali Johan van Veen alikuwa ameonya miaka mingi kwamba matuta mengi ni mafupi na ni dhaifu. Maandiko yake yalibaki ndani ya makabati ya ofisi.

Hii hatuifahamu sisi? Mutu anasema, karatasi inaandikwa, karatasi inalala, kisha watu wanakufa. Njo vile ilikuwa kwao pia.

Baada ya msiba ule serikali ya Uholanzi ilifanya mpango mkubwa wa kufunga karibu kila mahali ambapo bahari inaingia ndani ya inchi. Mahali pamoja panaitwa Oosterschelde. Mpango wa kwanza ulisema: tunajenga ukuta mzima, tunaziba kabisa, tunamaliza. Lakini wavuvi wa pale walikataa. Waliishi kwa kome na chaza, na viumbe hivi vinahitaji maji ya chumvi yanayoingia na kutoka kila siku. Wapenzi wa mazingira walijiunga nao, na vijana pia. Waliandamana na kuandika, wakawasumbua wabunge kwa miaka. Wahandisi waliwaambia kwamba kuacha wazi ni hatari, watu watakufa tena. Wao wakajibu: tafuteni njia ya tatu.

Mwaka wa 1976 bunge lilikubali njia ya tatu. Badala ya ukuta mzima, wakajenga kizuizi chenye milango 62 ya chuma. Siku zote milango iko juu, bahari inapita chini yake, wavuvi wanafanya kazi yao. Ikitangazwa kwamba maji yatafika mita 3 juu ya kiwango chao cha kawaida, milango inashushwa. Dhoruba ikipita, inainuliwa tena. Kizuizi kilifunguliwa rasmi tarehe 4 Oktoba 1986. Kilikuwa ghali kuliko ukuta wa kawaida, na kilichelewa. Lakini mpaka leo wavuvi wako kazini, na watu wa vijiji wanalala usingizi.

Vijana wenzetu, angalieni vizuri jambo hili. Wahandisi walikuwa na ujuzi wa kujenga, lakini milango ile inasogea kwa sababu raia walikataa kuchagua kati ya kuzama na kufa njaa. Bila wavuvi kungekuwa ukuta tu. Mutu akituambia kwamba mambo ya maji ni ya mainjinia na sisi raia tunyamaze, tumukumbushe Oosterschelde.

Namba mita 3

Katika video ile wengi waliangalia chuma. Sisi tuliangalia namba. Karibu na Rotterdam pia, Maeslantkering inafungwa maji yakitarajiwa kufika mita 3. Namba inajulikana na kila mutu: mtoto wa shule, nahodha wa meli, gavana. Mashine yenyewe inapima, inahesabu, inatoa amri. Tarehe 21 Desemba 2023, wakati wa dhoruba kali, ilijifunga kwa amri hiyo. Hakuna aliyemupigia mukubwa simu kumuuliza kama anakubali. Mukubwa alikwisha kukubali zamani, kwa maandishi, siku namba ilipoandikwa.

Tena, kila mwaka mwezi wa Septemba, mbele ya dhoruba za baridi kuanza, wanaifunga kwa majaribio. Watu wanakuja kutazama, wazazi wanaleta watoto. Wanataka kuona kwa macho yao kama mlango unafanya kazi.

Sasa turudi Annexe. Tujiulize bila haya:

Mto Lubumbashi au Naviundu ukipanda, ni kwenye namba gani tunajua kwamba hatari imefika? Namba hiyo imeandikwa wapi? Kwenye nguzo gani ya daraja gani?

Bwawa la maji machafu la kiwanda likijaa, nani anapima? Anapima saa ngapi? Likifika kwenye mdomo, anamuita nani?

Mama anayelala na watoto watano chini ya bwawa lile, nani anamuamsha?

Hakuna jibu. Kila mwaka tunajua hatari imefika tunapoona sufuria zinaelea.

Tarehe 4 Novemba 2025

Tunaandika tarehe hii kwa ukamilifu ili isisahauliwe. Siku ile maji machafu yenye asidi kutoka bwawa la kampuni moja ya madini yalitoka na kuingia kwenye makao ya watu wa komini yetu: Kasapa, Kamatete na Moïse. Hayakuwa maji ya mvula yaliyoshuka kutoka mbinguni. Yalikuwa maji ya kazi, yaliyowekwa pale na watu, yakizuiwa na ukuta uliojengwa na watu. Waziri wa Madini alifika, akasimamisha kazi za kampuni ile kwa miezi 3.

Hatuandiki leo ili kuhukumu. Korti iko kwa kazi ile. Tunaandika kwa sababu ya jambo moja ambalo wengi hawakuliona. Tunapozungumza juu ya mafuriko, tunafikiria mito na mvula. Lakini Annexe imezungukwa pia na maji yaliyosimama juu yetu: mabwawa ya viwanda, mashimo ya machimbo, vidimbwi nyuma ya matuta ya udongo. Waholanzi wako na bahari mbele yao. Sisi bahari yetu iko nyuma ya ukuta wa jirani, na hatujui imejaa kiasi gani.

Njo maana habari ya milango inayosogea inatuhusu, hata kama tuko mbali na bahari. Kila bwawa la namna ile linahitaji njia ya kutokea inayojulikana, mlango unaofunguliwa na kufungwa kwa mpango, mahali pa pili pa kupokea maji yakizidi, na mutu mwenye jina anayejibu usiku na mchana. Bwawa lisilo na mlango ni chungu kimefunikwa juu ya moto. Siku moja kitafungua chenyewe.

Wengine watatuambia: « Munataka kampuni zifunge, ba ndugu zenu bakose kazi? » Hapana. Ba kaka zetu wengi wanafanya kazi humo, na mishahara yao inalipa shule za wadogo zetu. Tunasema kama wavuvi wa Oosterschelde: hatutaki kuchagua kati ya kazi na maisha. Tunataka mlango.

Hesabu ya bidoni

Sasa tuje kwenye mvula, maana huko sisi wenyewe tuko na sehemu yetu ya kosa.

Mvula ya Lubumbashi ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inaanguka kati ya Novemba na Machi. Milimita moja ya mvula kwenye mita moja ya mraba ni litri moja. Chukueni bati la nyumba ya kawaida, mita za mraba 50. Mvula moja kubwa ya milimita 40 inamwaga juu ya bati lile litri 2,000. Ni bidoni za manjano 100, zile za litri 20 tunazobeba kichwani. Kwenye avenyu moja yenye nyumba 30, ni bidoni 3,000 kwa mvula moja, na hatujahesabu barabara wala viwanja.

Bidoni 3,000 zinakwenda wapi? Zamani zilikwenda kwenye majani, kwenye udongo, kisha kwenye dembo. Wenye kukulia hapa wanajua dembo: bonde pana lenye majani na udongo mweusi, linaloloa wakati wa mvula na kubaki na unyevu hata wakati wa kipwa. Ba mama walilima humo lengalenga na matembele, na visima vya karibu havikukauka upesi. Dembo ni kama sponji. Inakunywa maji mengi kwa siku moja, inayatoa kidogo kidogo kwa miezi.

Leo dembo zimekatwa viwanja. Tumemwaga ndani yake kifusi, tukapandisha ukuta, tukachimba choo. Maji hayakubadilisha barabara yake kwa sababu sisi tuko na karatasi ya parsele. Yanarudi kwenye kitanda chake, yanatukuta tumelala juu yake.

Hatusemi haya ili kuwachekelea wale wanaokaa humo. Wengi wetu tunakaa humo. Tulinunua pale kwa sababu pale ndipo franga zetu zilifika. Kiwanja cha mjini ni cha wenye dola nyingi. Na aliyetuuzia alikuwa na muhuri, na aliyetia muhuri alijua vizuri kwamba ni dembo. Kosa la kwanza ni la yule aliyeuza maji akiyaita udongo.

Lakini kuna kosa letu pia. Kanivo inayopita mbele ya nyumba tunaitupia sashe za plastiki, chupa za maji tamu, pampers, hata kitanda kilichovunjika. Kisha mvula ikinyesha tunaandika kwenye Facebook: serikali iko wapi? Serikali haiko, ni kweli. Lakini ile pampers haikutoka Kinshasa.

Antwerp nao walitaka mlango mkubwa

Kuna habari nyingine ambayo kila kijana wa Lubumbashi angepaswa kuijua, kwa sababu imefungwa na historia yetu. Shaba ya Katanga, tangu wakati wa Union Minière, ilisafirishwa mpaka Ubelgiji, na sehemu kubwa ilisafishwa Hoboken, pembeni ya mto Scheldt karibu na Antwerp. Mto ule unapandishwa na bahari pia. Tarehe 3 Januari 1976 dhoruba iliupandisha, tuta likapasuka, na kijiji cha Ruisbroek kikajaa maji.

Mwaka wa 1977 Wabelgiji walifanya mpango wao, wakauita Sigma. Walipanga kupandisha matuta, kutenga mahali pa kupokea maji, na kujenga kizuizi kikubwa chenye milango karibu na Antwerp, sawa vile vya Waholanzi. Matuta yalijengwa. Kizuizi kikubwa hakikujengwa mpaka leo: walihesabu na kuona gharama inazidi faida. Badala yake wakaongeza nguvu kwenye lile jambo la pili: kuupa mto nafasi. Huko Kruibeke walitenga eneo la karibu hekta 600. Siku za kawaida ni majani na ndege. Maji ya dhoruba yakija, yanaruka tuta fupi lililofanywa makusudi, yanajaa mule, kisha yanatoka kupitia vifungo mto unaposhuka. Haikuwa rahisi. Wakulima wa Kruibeke walipinga kwa miaka mingi kwa sababu ya mashamba yao, na kazi ilichelewa. Lakini leo eneo lile liko, na linafanya kazi.

Munaona? Watu matajiri, walioshiba shaba yetu, walitazama mlango mkubwa wa chuma wakasema ni ghali. Wakarudi kwenye dembo.

Sisi dembo tuliipewa bure. Tunaibomoa kiwanja kwa kiwanja, halafu tunaota ukuta wa chuma.

Tena mujihadhari na wale watakaokuja wakati wa kampeni na michoro mizuri. Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, walianza kujenga milango yao mwaka wa 2003. Iligharimu zaidi ya euro miliardi 5. Mwaka wa 2014 kesi kubwa ya rushwa ililipuka, zaidi ya watu 30 wakakamatwa. Tarehe 12 Novemba 2019 mji ulizama kwa maji ya sentimita 187, milango ikiwa bado haijamalizika. Ilipandishwa mara ya kwanza kuzuia maji tarehe 3 Oktoba 2020, na mji ulibaki mkavu, watu walifurahi. Lakini tarehe 8 Desemba mwaka uleule maji yaliingia tena, kwa sababu utabiri ulionyesha kwamba hayatafika kwenye namba iliyowekwa, na milango haikupandishwa. Chuma kilikuwepo. Namba na saa vilikosea. Basi hata ukiwa na miliardi, usipopima vizuri, unalowa.

Tunachodai

Kifungu cha 53 cha Katiba ya inchi yetu kinampa kila mutu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kwa haki hiyo, sisi vijana raia wa Annexe tunadai mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji miliardi.

1. Namba. Kwenye kila daraja la komini na kwenye kila bwawa la kiwanda lililo juu ya makao ya watu, isimamishwe nguzo ya kupimia yenye rangi tatu: kijani, manjano, nyekundu. Nguzo ya bwawa ionekane kutoka nje ya ukuta. Mtoto akipita kwenda shule ajue leo tuko rangi gani.

2. Jina. Kwa kila nguzo kuwe na mutu mwenye jina na simu, anayelipwa kwa kazi hiyo. Ikifika manjano, anamuita shefu wa kartie. Ikifika nyekundu, hangoji ruhusa ya mutu: redio, filimbi, vipaza sauti vya makanisa na misikiti, ba motari, wote wanatangaza. Mwaka wa 1953 redio zililala. Zetu zisilale.

3. Nafasi. Komini, pamoja na watu wa ardhi na OVD, watoe ramani ya dembo zilizobaki na kuibandika kwenye ofisi ya kila kartie. Kuanzia siku ile, atakayeuza au kutia muhuri kiwanja ndani ya dembo ajibu mbele ya sheria. Na kwa wale ambao wako humo tayari: hapana kubomoa usiku kwa tingatinga. Mutu ahamishwe kwa karatasi, kwa malipo, na kwa mahali pengine palipo tayari, au asihamishwe. Mafuriko yasitumiwe kufukuza maskini ili tajiri apate kiwanja cha bei raisi.

4. Franga. Kodi ya Madini ya mwaka wa 2018 inasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na kampuni, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, asilimia 25 mkoa, asilimia 15 miji, komini, sekta na sheferi ambamo uchimbaji unafanyika, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tunaomba kwa heshima Muheshimiwa Burgumestre atangaze, kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, ni kiasi gani kimefika Annexe kwa jina hilo, na ni kiasi gani kimeingia kwenye kanivo. Kama haikufika, atuambie, twende pamoja kuiuliza.

5. Jaribio. Kila Septemba, mwisho wa kipwa, mbele ya mvula ya kwanza, kufanywe jaribio la wazi. Kanivo kubwa zizibuliwe, milango ya mabwawa ifunguliwe na kufungwa mbele ya raia, filimbi zilie, watu watembee mpaka mahali pa juu palipochaguliwa. Waholanzi wanafanya hivyo kila Septemba. Mwezi tunao, hata sisi.

Na sisi wenyewe

Haifai kudai na mikono mfukoni. Kuanzia Jumamosi ijayo tunarudisha Salongo, lakini ya hiari, bila polisi na bila faini. Kila kikundi kinachukua avenyu yake, kinazibua kanivo yake, na uchafu hauachwi pembeni ili mvula iurudishe ndani. Atakayekuja alete jembe au beleshi, na buti kama anazo.

Pili, tutapima sisi wenyewe. Hatungoji nguzo za serikali. Kila kikundi kitachagua ukuta mmoja au nguzo moja ya daraja, kitapaka mistari kila sentimita 10, na mutu mmoja atapiga foto kila baada ya mvula na kuituma kwenye grupu pamoja na saa na tarehe. Miezi mitano tu, Novemba mpaka Machi, na tutakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi inaweza kutunyang'anya: namba zetu. Siku tutakapoingia kwa burgumestre au kwa gavana, hatutasema « tunateseka ». Tutasema: kwenye daraja hili, siku hii, saa hii, maji yalifika hapa.

Tatu, tunaahidiana, na hili ni gumu: hakuna kati yetu atakayenunua kiwanja ndani ya dembo, hata kama ni bei ya kutupa, wala kumuuzia mwingine, hata kama komisyo ni nzuri. Tunajua kuna wenzetu wanaoishi kwa komisyo zile. Tunawaomba waache. Franga ile inatoka ndani ya chumba cha mtoto wa mutu.

Kwa mwenzetu aliyetuuliza kwa nini tunacheka: tumeacha kucheka. Hatukupi mlango wa mita 210. Tunakupa nguzo yenye rangi tatu, filimbi, na watu watakaokimbia kuja kwenu mbele ya maji. Anza wewe kutuonyesha ni ukuta gani tupake mstari wa kwanza.

Mvula haijafika bado. Tuko na muda.

Vijana raia wa Annexe, Lubumbashi